Picha Yenye Matundu Manne

Kabla ya saa mbili asubuhi Mariette alikuwa amekwisha kushona kola sita. Akafunika mashine yake ya mguu kwa kipande cha kitenge, akawaambia wazazi wawili waliosimama mlangoni kwamba sare zitakuwa tayari kesho. Mmoja akauliza kesho ipi, maana hata jana ilikuwa kesho. Shule zilikuwa zimefunguliwa tangu Jumatatu na watoto wa mtaa mzima walikuwa wanakwenda darasani na nguo za mwaka jana. Mariette alichukua farde yake, jalada la kartoni la kuwekea karatasi, akaiweka chini ya kwapa na kushuka mtaa kuelekea soko.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu farde ile kutembea.

Ndani yake mlikuwa na karatasi alizokusanya juu ya Orpa, dada yake mkubwa. Orpa alikuwa mzalishaji, yaani mkunga, katika kituo kidogo cha afya mashariki ya Beni, upande wa mlima Ruwenzori, kwa miaka kumi na tisa. Aliuawa hapo miaka minne iliyopita, siku ambayo watu wa mapanga waliingia kijijini alfajiri. Wengine walikimbia. Orpa alibaki kwa sababu mama mmoja alikuwa katika uchungu. Mama yule alizaa, akapona, na yeye ndiye aliyekuja kutoa habari.

Sasa ofisi moja ya afya mjini Beni ilikuwa inatengeneza ubao mkubwa wa ukumbusho, wenye picha na majina ya wafanyakazi waliokufa kazini, pamoja na kitabu cha kumbukumbu kitakachowekwa ofisini. Ubao utasimamishwa Jumamosi. Orodha ilikuwa inafungwa leo, saa tisa alasiri. Jina lisiloingia leo halitaingia tena, na Mariette alijua kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anatembea kwa ajili ya jina la Orpa.

Mara ya kwanza farde ilikataliwa kwa kukosa barua ya kusindikiza. Mara ya pili ilikataliwa kwa sababu ya picha.

Picha yenyewe ilitoka katika studio ya Lusenge, chumba kimoja chenye ukuta wa bluu nyuma ya soko la Butembo, na huko ndiko Mariette alikokwenda kwanza. Watu watano walikuwa wanangoja picha za pasipoti. Lusenge alimwona juu ya kichwa cha mteja akavuta pumzi.

"Mama Jephté. Weye tena."

Alimwita hivyo kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama mji mzima. Mariette alitoa picha akaiweka mezani. Orpa alikuwa anatazama mbele kwa macho yake makini. Lakini chini ya kidevu chake kulikuwa na mwili wa mwanamke mwingine, mnene, mwenye kitenge cha superwax na mkufu wa dhahabu, na nyuma yake chemchemi ya maji na njiwa weupe. Ndivyo studio za Butembo hufanya. Mtu akifa, jamaa huleta kichwa, studio hutafuta mwili. Picha hutembea mbele ya jeneza, halafu hurudi nyumbani na kutundikwa sebuleni, na baada ya mwaka mmoja watoto huamini kwamba marehemu alikuwa na mkufu.

Mariette alieleza kwamba Beni hawataki picha hiyo. Katibu wa ofisi ile aliitazama akasema huyu ni mama wa arusi, si mzalishaji. Wanataka picha ya mavazi ya kazi. Kwa hiyo Lusenge atafute katika kompyuta yake kichwa kama kilivyokuwa kabla ya kupewa mwili.

Lusenge alisema kompyuta ya mwaka ule ilikufa kwa sababu ya umeme. Akauliza kichwa cha karatasi kilikwenda wapi.

Kilipokwenda Mariette alipajua. Nyumba ya Orpa iliungua pamoja na albamu, simu na kadi ya mpiga kura. Karatasi zake za masomo zilibaki kwa wazazi, kijijini Alimbongo, na Alimbongo vita vimepita juu yake na nyumba ya wazazi haina tena hata mlango. Siku ya kilio picha iliyopatikana ilikuwa moja tu, ya kundi, ya siku wazalishaji walipomaliza masomo. Ilikuwa mali ya Mama Rébecca, mwenzake Orpa. Studio ilitaka kichwa haraka, maiti ilikuwa inangoja. Mariette alikata kichwa cha dada yake yeye mwenyewe, kwa mkasi wa kazi, mraba ulionyooka kama mfuko wa shati. Baada ya maziko akakitia ndani ya plastiki, akakipigilia juu ya msalaba ili kaburi lijulikane. Mvua za misimu miwili zilikisafisha. Mwaka uliofuata alikuta karatasi nyeupe.

"Sikia," alisema Lusenge. "Minaweza kumuvalisha blouse. Dakika tano."

Alifungua kompyuta na kumwonyesha blauzi nyeupe ya wauguzi isiyokuwa na mtu, imesimama wima kama imevaliwa na hewa. Ilikuwa na kalamu ya bluu mfukoni. Mariette aliinama kuitazama. Jicho lake lilikwenda kwanza kwenye vifungo.

"Hii ni ya mwanaume. Vifungo viko upande wa mwanaume."

"Nani ataangalia vifungo, mama?"

"Na mufuko umeshonwa unapinda."

"Mufuko gani tena?"

"Wa kalamu. Umeangukia kushoto. Fundi wake alikuwa na haraka."

Watu wa pasipoti walicheka. Lusenge hakucheka. Alisema blauzi hiyo imetumika mara nyingi na hakuna aliyekuja kulalamika, wala wafu wala wazima. Akashika panya ya kompyuta tayari kuanza. Mariette aliweka mkono wake juu ya picha.

"Dada yangu nilisha kumukata mara moja," alisema. "Ya pili hapana."

Alitoka bila kuaga. Njiani alijikasirikia, kwa kuwa dakika tano za Lusenge zingemaliza shida yote, na hakujua vizuri kwa nini alikataa. Alipanda kilima kwa miguu.

Mama Rébecca alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake na ungo wa maharage yaliyotoka Kipese magotini, anatoa mawe. Aliacha kazi ya uzazi kwa sababu ya magoti hayo hayo. Mariette alimsalimia kwa Kinande, lugha ya kwao, akapewa kiti, akapewa na maharage ya kuchambua, maana kwa Mama Rébecca mgeni haketi bure. Aliposema alichokuja kutafuta, mama yule hakuuliza maneno mengi. Aliingia ndani akarudi na bahasha kubwa ya radiografi, ile ambayo hospitali hutia picha za mifupa. Ndani yake ndimo alimohifadhi picha ili isijikunje.

Mariette hakuwa ameiona tangu siku ya kilio. Siku ile hakuitazama, alikuwa anakata.

Ilikuwa na ukubwa wa daftari, rangi zake zimegeuka nyekundu. Wanawake kumi na mmoja wenye blauzi nyeupe kwenye ngazi za jengo la uzazi, sita wamesimama, watano wameketi. Chini, mpiga picha aliandika tarehe kwa biki: 14 mwezi wa saba 2001. Na ndani ya picha kulikuwa na matundu manne. Wanawake wanne walikuwa na shingo, mabega, mikono, saa za plastiki zilizobandikwa kifuani, lakini mahali pa uso palikuwa pa wazi, na kupitia hapo Mariette aliona maharage kwenye ungo.

Orpa alikuwa mstari wa chini, wa pili. Mikono yake ilikaa juu ya magoti, vidole vimenyooka, kama mtu aliyeambiwa asitikisike. Mkono wa jirani yake ulikuwa umemzunguka begani. Mkasi ulipita karibu sana na vidole vya jirani huyo bila kuvigusa.

"Kila mutu akikufa banakuja na mukasi," alisema Mama Rébecca. "Ya kwanza nilikatala. Niliambia bwana yake, mulete mupiga foto hapa. Akalia. Sasa utamukatalia mutu anayelia?"

"Na mie ulinipa."

"Weye hukulia. Ulikuwa unaogopesha. Nikasema, kata tu."

Mariette alifungua daftari lake la vipimo, maana hakuwa na karatasi nyingine, akamwomba ataje majina yote kwa mstari. Mama Rébecca aliweka kidole juu ya kila mmoja. Tundu la kwanza lilikuwa Masika Godelive, aliyezalisha nusu ya mtaa na kufa akijifungua mtoto wake wa tano. La pili Kahindo Maliro, aliyeshikwa na homa ya Ebola kutoka kwa mama aliyempokea bila glovu, kwa sababu glovu zilikuwa zimeishia kwenye ripoti. La tatu Kanyere Joyeuse, wa ugonjwa wa sukari. La nne Orpa. Mariette aliandika majina hayo katikati ya vipimo vya wanafunzi, kiuno 64, urefu wa mkono 51. Halafu yakaja majina ya walio hai: mmoja yuko Kyavinyonge anauza samaki, mmoja Kampala, mmoja hajulikani yuko wapi tangu vita. Mama Rébecca alijua hata nani kati yao aliogopa damu mwaka wa kwanza.

"Haya majina yameandikwa wapi pengine?" aliuliza Mariette.

Mama Rébecca alifikiri. Alisema daftari la masomo lilikuwapo, lakini jengo la masomo lilipewa rangi mpya wakati fulani na makabati yakatolewa nje siku za mvua. Baada ya hapo hakuliona tena. Akagonga kipaji cha uso wake kwa kidole, kuonyesha yalipobaki.

Alipofika kwa sura yake mwenyewe, mstari wa juu, msichana mwembamba anayecheka, aliifunika kwa kidole gumba.

"Yangu ingaliko. Wakikuja na mukasi, uambie bakate muzuri kama weye."

Alimpa picha pamoja na bahasha. Hakumwambia airudishe, alimtazama tu.

Mwendo wa kwenda Beni Mariette aliufanya nyuma ya pikipiki, bahasha ya radiografi imebanwa kati ya kifua chake na mgongo wa dereva. Kwenye kizuizi kimoja askari kijana aliwasimamisha. Alitaka kadi, akaiona, akairudisha. Alitaka ya dereva. Halafu akaelekeza kidole kwenye bahasha.

"Mama, mokanda ya nini?" aliuliza kwa Lingala, karatasi gani hiyo.

Alimwonyesha. Askari aliigeuza picha kuelekea jua. Mwanga ulipita katika matundu na kuweka vipande vinne vyeupe kwenye koti lake. Alimwita mwenzake aje aone.

"Nani alibakata vichwa hawa?" aliuliza.

"Jamaa zao," alisema Mariette.

Askari alimrudishia picha haraka, akafungua kamba bila kuomba kitu. Dereva wa pikipiki alisema kilometa tano mbele kwamba hiyo dawa ya kufungua barabara ataitafuta na yeye.

Ofisini Beni alifika saa saba na nusu. Ilikuwa nyumba ndefu yenye bati jipya, benchi moja kwenye baraza, na meza ya mapokezi ambapo msichana aliyeitwa Eliane alikuwa anaandika katika kitabu kikubwa chenye mistari. Sasa alikwisha kumjua Mariette. Alimwambia katibu yuko, lakini ana mgeni. Mgeni hakuwapo. Katibu alikuwa anakula. Mariette aliketi kwenye benchi mpaka harufu ya samaki ilipokwisha, akaitwa.

Katibu wa kamati ya ukumbusho, Bwana Onésime, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Mariette kuliko yote. Alisimama kumpokea, akampa kiti, akauliza juu ya safari na mvua ya Butembo. Alifungua farde kwa vidole safi. Alitoa karatasi moja moja, akaziwekea alama kwa kalamu. Halafu akatoa picha kwenye bahasha, akaitazama, akaishusha polepole.

"Maman, hii njo nini?"

Mariette alimwonyesha Orpa, mstari wa chini, wa pili. Akaeleza blauzi, saa kifuani, ngazi za uzazi, tarehe. Mliomba mavazi ya kazi, alisema, haya ndiyo. Kichwa mnacho kwenye picha nyingine. Mtu yupo mzima, yuko sehemu mbili tu.

Onésime alishika kichwa chake. Alisema hawezi kupeleka kwa mchapaji mwanamke mwenye tundu. Akaongeza kwamba hata picha ingekuwa nzuri, bado kuna mambo mengine. Hakuna cheti cha kifo. Mariette alijibu kwamba cheti kinatolewa na ofisi ya mahali alipofia, na ofisi ile iliungua siku ile ile. Onésime alikubali kwamba ni kweli. Basi ipatikane hukumu ya tribunali badala ya cheti. Hukumu inahitaji mashahidi wa mahali alipofia, na watu wa mahali hapo wametawanyika. Hilo nalo alikubali kwamba ni kweli. Alikubali kila kitu, na kila alipokubali jambo moja aliweka alama nyingine nyekundu.

"Maman, mimi ninaelewa," alisema, kidole juu ya farde. "Mais dossier haielewi."

Kisha akafika kwenye namba. Kila mfanyakazi wa serikali ana namba yake ya matricule. Ya Orpa iko wapi? Mariette alisema hakupewa kamwe. Aliomba mara nne, karatasi zikaenda Goma, zikaenda Kinshasa, hazikurudi. Kwa miaka kumi na tisa alilipwa kwa kile kilichobaki kwenye kisanduku cha kituo, na mara nyingi kilichobaki kilikuwa kuku.

"Donc unaona," alisema Onésime kwa huruma. "Hana matricule, hakuwa agent wa serikali. Hakuwa agent, hakukufa kazini. Alikufa, ni kweli, pole sana. Mais hakukufa kazini."

"Alikuwa wapi?"

"Nani?"

"Dada yangu. Wakati banamuua alikuwa wapi? Mikono yake ilikuwa ndani ya nini?"

Onésime alivuta karatasi nyingine, ripoti ya siku ile, na kumsomea ili aone kwamba hafichi kitu. Watu watano walikufa kituoni. Muuguzi mkuu, mwenye matricule, huyo yuko kwenye ubao. Mlinzi. Wagonjwa wawili. Na mlinda mgonjwa mmoja, jinsia ya kike, jina halikupatikana.

Mariette aliomba asome tena mstari wa mwisho. Alisoma tena. Orpa, ambaye watoto zaidi ya elfu mbili walipita mikononi mwake kabla ya mikono ya mama zao, alikuwa ameandikwa kama mtu aliyekuja kumpikia mgonjwa.

Labda ili kumtuliza, Onésime aligeuza kompyuta kumwonyesha jinsi ubao utakavyokuwa. Alisema utapendeza, chini kutakuwa na maua. Wanaume tisa walikuwa wamepangwa mistari mitatu, kila mmoja na jina, cheo na namba. Mariette aliwatazama kwa heshima, maana ni wafu, na kila mmoja ana mtu aliyelia. Halafu macho yake yakasimama kwenye mstari wa kati. Akasogeza kiti.

"Huyu, na huyu, na ule wa pembeni," alisema. "Banavaa blouse moja."

"Blouse zote ni nyeupe, maman."

"Hapana. Angalia mufuko. Unapinda kushoto. Kalamu ya bluu, kifuniko kimevunjika. Ni blouse ya Lusenge, ya Butembo. Niliiona leo asubuhi. Ilikuwa inangojea dada yangu."

Onésime aliinama. Alitazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikuza picha kwa panya mpaka mfuko ukajaa kioo chote, ukiwa umepinda vile vile mara tatu. Kwa muda alikuwa mtu tu anayetazama kitu asichotaka kukiona. Kisha akaipunguza tena.

"Jamaa bao balileta vile," alisema. "Ni propre, ni safi. Iko ndani ya format."

"Yangu ni ya kweli."

"Yako iko na tundu."

Alitazama saa. Gari la kupeleka kazi kwa mchapaji lilikuwa linamngoja nje. Alifunga farde vizuri, akaifunga hata uzi wake, akamrudishia kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. Alisema chini ya ubao kutakuwa na maneno "na wengine wote waliojitoa", na kwamba hayo maneno yeye mwenyewe aliyapigania mkutanoni. Orpa atakuwa ndani ya wengine. Kama bado kuna malalamiko, aache barua mapokezi. Akatoka. Gari likawaka, likaondoka.

Mariette alibaki barazani na farde mkononi. Hakulia. Alihesabu kwa mawazo kola alizoziacha mezani. Kisha akaingia, akasimama mbele ya Eliane na kumwuliza barua ikiachwa hapa inakwenda wapi.

Eliane alidhani ni swali la hasira, akajibu kwa tahadhari. Barua ikifika inaandikwa katika kitabu kile, alisema: namba, tarehe, aliyetuma, na inahusu nini. Inapigwa muhuri, na nakala ya mwenye barua inapigwa pia. Halafu inakwenda kwa mkubwa, mkubwa anatia sahihi pembeni, inarudi kwenye klaseri, jalada la barua zote.

"Na kama mukubwa hataki?"

"Anatia sahihi tu. Hata kama hataki. Inspection ikikuja, banahesabu namba. Namba ikikosa barua, ni mimi njo banauliza."

"Haiwezi kutupwa?"

"Barua yenye namba?" Eliane alimtazama kama aliyeulizwa kama mtu anaweza kutupa kiti cha mkubwa. "Hapana, mama."

Mariette aliomba karatasi. Eliane alikuwa na rundo la karatasi zilizochapwa upande mmoja, akampa chache. Mariette aliketi kwenye benchi, akaweka farde magotini iwe meza, akafungua daftari la vipimo. Mwandiko wake ulikuwa wa shule, mkubwa, umenyooka. Kila barua aliiandika mara mbili, moja ya kuacha na moja ya kubaki nayo. Aliandika kwa Kiswahili. Eliane alipochungulia akamkumbusha kwamba barua za ofisi huandikwa kwa Kifaransa.

"Bamama ba uchungu balikuwa banalilia mu Kinande," alisema Mariette. "Kiswahili kinatosha."

Barua ya kwanza haikuwa ndefu. Ilisema kwamba Masika Godelive alimaliza masomo ya uzalishaji tarehe 14 mwezi wa saba 2001, kwamba alifanya kazi Butembo, kwamba alikufa katika uzazi, na kwamba anayetoa habari hizi ni mwenzake Rébecca, ambaye angali hai na anaweza kuulizwa. Mariette alitia sahihi. Akaipeleka mezani.

Eliane alifungua kitabu, akaandika namba, akaandika tarehe, akaandika Kavuo Mariette, fundi wa nguo, Butembo. Biki ikasimama kwenye safu ya mwisho.

"Objet ni nini? Unaomba nini?"

"Siombi kitu."

"Mama, lazima niandike kitu. Bote banaombaka. Demande ya kazi, demande ya dawa, demande ya audience."

"Andika jina lake."

"Jina tu?"

"Jina na kazi."

Eliane alisita, akatazama mlango wa katibu uliokuwa umefungwa. Kisha akaandika jina, na kazi ya uzalishaji kwa Kifaransa: Masika Godelive, accoucheuse. Muhuri ukaanguka mara mbili. Mariette alikwisha kurudi kwenye benchi.

Ya pili ilikuwa ya Kahindo Maliro. Katika hiyo aliandika pia juu ya glovu. Ya tatu ya Kanyere Joyeuse. Mtu mmoja aliyekuja kuulizia mshahara alilazimika kungoja nyuma yake, akauliza kama mama huyu anaandikisha kijiji. Eliane alimwambia akae.

Ya nne ilichukua muda mrefu zaidi. Mariette aliandika, akakata, akaanza upya. Mwishoni ilibaki mistari sita. Ilisema Katungu Orpa alikuwa mzalishaji kwa miaka kumi na tisa bila matricule. Ilisema kwamba mtu aliyeandikwa katika ripoti yenu kama mlinda mgonjwa, jinsia ya kike, jina halikupatikana, jina lake limepatikana, nimelileta mimi, mdogo wake. Ilitaja siku, na kituo, na jina la mama aliyezaa asubuhi ile, na kwamba mtoto ni msichana na anaendelea vizuri.

Eliane aliisoma yote, jambo ambalo kazi yake haikumtaka afanye. Aliandika namba. Aliandika tarehe. Safu ya mwisho aliijaza bila kuuliza, kwa herufi kubwa kidogo kuliko zilizotangulia, akapiga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

Kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa tisa na nusu. Alianza kukusanya vitu vyake, mihuri ndani ya droo, droo kwa ufunguo. Mlinzi alikuwa anafunga madirisha moja moja.

"Tunafunga, mama. Umemaliza?"

"Wamebakia saba. Wale wazima."

"Na bazima pia?"

"Bazima njo ya haraka," alisema Mariette. "Kesho munafungua saa ngapi?"

Eliane alishika kitabu kifuani, akawaza kidogo juu ya katibu, na mkubwa, na sahihi saba za pembeni.

"Saa mbili na nusu," alisema. "Ukuje mbele ya katibu kufika."